Besdei ya mtoto mdogo nyumbani: ya ndani, ya uani au ya shuleni?

Mwanangu wa kwanza alipotimiza mwaka mmoja tulikodi ukumbi. Viti 70, MC aliyekuja na spika zake mbili, na keki ya kilo tatu yenye simba wa sukari juu yake. Mwenye sherehe alianza kulia pale muziki ulipowashwa. Ilipofika zamu ya kulishana keki, MC akashika kipaza sauti: "Shangazi mkubwa upande wa baba, karibu mbele!" Mtoto alikuwa keshalala begani kwa bibi yake, mdomo wazi, kiatu kimoja kimedondokea chini ya meza. Ikabidi nishike mimi kile kijiko nikawalishe mashangazi, wajomba na wafanyakazi wenzake baba. Kwenye picha zote za siku ile mtoto ama analia ama amelala.

Tangu hapo tumefanya besdei 10 nyumbani, sita za huyo mkubwa na nne za mdogo wake, kwenye nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam: vyumba viwili, sebule, na ua tunaotumia pamoja na familia nyingine tatu. Zipo zilizokwenda vizuri, na zipo ambazo mpaka leo tukikumbushana tunacheka. Naandika kwa mzazi mwenye mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano au sita, aliyeshaamua kwamba ukumbi hataki, ila bado anazunguka na swali: tukate keki wenyewe sebuleni yaishe, tuwaite watoto wa majirani, au nimpelekee keki shuleni?

Msimamo wangu nautoa mapema. Mtoto akiwa chini ya miaka mitatu, ya ndani haina mpinzani. Akifika minne, ya uani inaipita, mradi ujue kuhesabu. Ya shuleni naiweka nyuma kabisa, na sababu zake hazihitaji maneno mengi.

Ya ndani

Hapa nasema baba, mama, kaka na dada, dada wa kazi kama yupo, bibi kama yuko mjini, na yule jirani mmoja ambaye hata usipomwita ataingia. Watu saba, wanane.

Watu hudhani faida yake ni kuokoa pesa. Pesa unaokoa kweli, lakini faida kubwa ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja au miwili anazijua sura chache, na hizo chache ndizo zinazomzunguka. Huyu wa pili alipotimiza mwaka tulimwimbia kwa sauti ya kumbembeleza. Akatutazama mmoja mmoja, akacheka, kisha akatia mkono mzima ndani ya keki. Hakuna aliyemwambia asubiri kwanza apigwe picha.

Faida ya pili ni saa. Siku ile ilikuwa Jumanne. Baba yao anafika nyumbani saa mbili usiku kama foleni ya Barabara ya Mandela imemhurumia, na saa hiyo mtoto wa mwaka mmoja yuko usingizini zamani. Tukakata keki asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, pamoja na chai ya maziwa. Anayekula maandazi asubuhi hawezi kushtuka kuona keki mezani. Saa moja na robo kila mtu alikuwa ameshika njia yake. Asubuhi watu hawaifikirii kabisa, na kwa watoto wadogo ndiyo saa yao nzuri kuliko zote: wameamka, wameoga, hawajagombana na mtu. Ikiangukia Ramadhani kwa nyumba inayofunga, basi isogee baada ya futari, keki ikae jirani na tende na kaimati, na mtoto alazwe vizuri mchana ili aifikie hiyo saa akiwa na nguvu.

Ya ndani pia inakupa nafasi ya kumweka bibi kwenye simu bila kelele. Mama yangu yuko kijijini. Yeye mwenyewe tarehe yake ya kuzaliwa haijui. Anajua ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, basi. Kwa hiyo mambo ya mishumaa huyaona ni michezo ya mjini, lakini usipompigia simu siku hiyo, atakununia hadi Krismasi. Mdogo alipotimiza mitatu bibi akamuuliza kwenye video, "Mume wangu, leo una miaka mingapi?" Akanyoosha vidole vitano vyote. "Eti mitano! Unataka kunioa haraka," bibi akasema, na hiyo ndiyo sehemu ya besdei ile ambayo mtoto aliisimulia wiki nzima. Mkiwa na ndugu mbali, pangeni kwa saa zao: mjomba wao yuko Maskati, anatutangulia kwa saa moja tu, ukimpigia saa mbili usiku utamkuta macho.

Na ndani unaweza kumdhibiti mjomba mwingine, yule wa kumwaga maji. Desturi yetu hii ya kumlowanisha mwenye besdei naipenda, ila ni ya wakubwa. Mkubwa wangu alipotimiza mitatu, mjomba wake alimjia kwa nyuma na kikombe cha maji, kikombe tu, wala si ndoo. Mtoto aliruka, akakimbilia chumbani, na keki tukaikata yeye akiwa chini ya kitanda. Siku hizi sheria ya nyumba yetu ni kwamba maji wanamwagiwa waliomzaa, na mwenye besdei ndiye anayeshika kikombe. Anafurahi kuliko zawadi zote.

Kasoro ya ndani ni moja, na inakuja kwa wakati wake. Huyo huyo mkubwa alipofika minne tukafanya kama miaka yote: sebuleni, keki ndogo, sisi wenyewe. Akapuliza mshumaa, tukapiga makofi. Kisha akageuka akatazama mlango, akauliza, "Wengine wanakuja saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Mtoto akishaanza kuuliza hivyo, sebule imemtosha.

Ya uani

Mtaani hakuna kadi za mwaliko. Mwaka uliofuata nilizungumza na mama wa watoto sita, mmoja mmoja, kwa heshima zote. Wakaja watoto 19. Wengine niliwajua, wengine niliwaona kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wameshika vikombe. Kulikuwa na binti wa miaka saba hivi amembeba mdogo wake mgongoni; alipewa kazi ya kumlea, na mdogo hakualikwa, sasa utamwambia nini? Utamkatia keki, ndiyo jibu.

Kwa hiyo hesabu yangu ya uani ni hii: idadi uliyoialika zidisha kwa tatu, kisha upike kwa idadi hiyo. Hesabu ya keki ni rahisi kuliko watu wanavyoiogopa. Keki ya mraba yenye upande wa sentimita 20, ukiikata vipande vya sentimita tano kwa tano, unapata 16. Ukikata vya nne kwa nne, unapata 25, na mtoto wa miaka minne kipande cha sentimita nne hakimalizi. Keki ya duara inakata vipande vichache vyenye ncha na ugomvi. Kwa watoto wengi, oka ya mraba. Juisi: watoto 20, kila mmoja mililita 200, ni lita nne. Ndoo ndogo safi ya lita tano yenye mfuniko na upawa inatosha, ukitengeneza ya ukwaju au pasheni. Kreti ya soda ina chupa 24 na itakugharimu mara kadhaa ya hapo, halafu nusu ya chupa zitabaki na soda nusu zimekalia nzi.

Chakula kingine usikipambe. Kachori au katlesi ndogo za viazi, vipande vya tikiti, basi. Pilau iache kwa wakubwa jioni. Kumlisha pilau mtoto wa watu aliyevaa nguo ya sikukuu ni kujitafutia lawama.

Saa ya uani ni tatu na nusu hadi tano na nusu asubuhi siku ya Jumamosi, au saa tisa na nusu hadi kumi na moja na nusu jioni. Saa mbili, zisizidi. Ukitangaza mwanzo bila kutangaza mwisho, utawasha taa ya uani wakiwa bado wapo. Kabla ya kupanga siku, uliza ratiba ya madrasa: nusu ya watoto wa ua wetu wana kipindi alasiri, na nikiweka Jumamosi jioni wanakuja wakiwa wamechelewa na kofia zao mkononi, wanakuta mshumaa umeshazimwa. Jumapili asubuhi nayo ni ya kanisa. Kwetu Ijumaa jioni ndiyo iliyopatana na wote.

Na hapo hapo kwenye mambo ya dini: wapo majirani ambao kwao besdei haipo. Kuna nyumba ya Waislamu ambao watakwambia mtoto huchinjiwa akika siku ya saba, imetosha, mishumaa ya nini. Mashahidi wa Yehova nao hawaadhimishi siku za kuzaliwa. Mwambie mzazi mapema na waziwazi kwamba kutakuwa na mshumaa na wimbo, aamue mwenyewe. Mmoja aliniambia, "Jirani, wangu watakuja kucheza mkishamaliza kuimba," na ikawa hivyo, bila mtu kukwazika. Kibaya ni kumvizia mtoto wa mtu kwa keki halafu mzazi aisikie habari kwa mtoto.

Michezo ya kununua sijawahi kuihitaji. Kombolela, kukimbia na ndimu kwenye kijiko, na kula kipande cha mkate kilichoning'inizwa kwa uzi bila kutumia mikono. Huo wa mwisho wekea kipimo: wa miaka mitatu uzi wake uwe mrefu, kipande kimfikie kinywani akisimama. Kabla hawajaanza kukimbia pita uani kwa jicho la polisi. Jiko la mkaa liondoke kabisa. Ndoo zote za maji zimwagwe au zifunikwe, maana mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu, na kwenye kelele za watoto 19 hakuna atakayesikia. Mwombe mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, hakati keki, hapigi picha. Kwetu ni baba yao, na huo ndio mchango wake mkubwa kuliko pesa aliyotoa.

Ya shuleni

Ni keki unayompa mwalimu asubuhi, inakatwa saa ya uji, unarudi kazini. Inafaa kama mnaishi ghorofani pasipo na ua, au mmehamia jana na hamjui mtu. Nilijaribu mara moja mkubwa alipotimiza sita. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 30, vipande vikawa vidogo kama vya sampuli, na mimi sikuwepo kuona chochote. Nilipewa sahani yenye makombo na neno la asante. Huwezi kujua ni mtoto gani mayai au karanga zinamdhuru, kwa hiyo lazima umuulize mwalimu siku kadhaa kabla. Halafu mwezi mzima watoto wengine wanawauliza wazazi wao keki yao italetwa lini. Shule nyingine zimekataza kabisa, na siwalaumu.

Keki: ya kuagiza, ya jiko la mkaa, au mkate wa sinia

| | Ya kuagiza | Ya jiko la mkaa | Mkate wa sinia |
|---|---|---|---|
| Kazi yako | simu moja na wasiwasi | saa mbili | kuloweka usiku, kupika saa moja |
| Mtoto anashiriki? | hapana | anakoroga | anamimina sukari, anaonja |
| Sukari | nyingi, hasa ya juu | unaipima mwenyewe | kidogo |
| Ikiharibika | huna la kufanya | unakata palipoungua | inaliwa hivyo hivyo |

Ya kuagiza ni nzuri kutazama, na kuna siku mzazi amechoka, aagize tu. Mtaani kwetu mara ya mwisho nilitajiwa 35,000 kwa kilo moja. Ila ujue unanunua pia hatari za njiani. Moja yetu iliahidiwa saa tisa, ikafika saa kumi na mbili kasoro kwa bodaboda, imelala ubavu, na jina la mtoto limekosewa herufi mbili. Aliyeioka alisema nimtumie picha kwanza ndipo aamini. Krimu yake ya bluu iliacha rangi midomoni mwa watoto hadi kesho yake. Ukiagiza, agiza ije jana yake au asubuhi, na omba krimu nyeupe yenye pambo moja.

Ya jiko la mkaa ndiyo ninayoipenda, na wanaosema keki haiwezekani bila oveni hawajakaa na mama zetu. Robo kilo ya siagi, robo kilo ya sukari iliyopungua vijiko viwili, robo kilo ya unga wa ngano, mayai manne makubwa au matano madogo, kijiko cha chai na nusu cha bekin pauda, iliki, na ganda la limau lililokwaruzwa. Koroga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe. Hapa ndipo mtoto anapopewa mwiko, na unga utamwagika, tandika kanga kuukuu chini. Mayai moja moja, unga mwisho, taratibu. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu safi chini, bandika jikoni dakika 10 ipate joto, kisha weka kopo la keki juu ya mchanga na ufunike. Siri iko kwenye moto: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Usifunue nusu saa ya kwanza hata mtoto akikuomba kwa machozi. Baada ya dakika 40 au 50 chomeka kijiti; kikitoka kikavu, epua. Mara yangu ya kwanza niligeuza, moto mwingi ukawa chini. Nikakata tabaka jeusi kwa kisu cha mkate, keki ikabaki fupi kama chapati nene, nikaipaka maziwa ya unga yaliyokorogwa na sukari kidogo. Watoto hawakugundua. Mama mkwe aligundua.

Mkate wa sinia, wengine wanauita mkate wa kumimina, watu wa Pwani na Visiwani hawahitaji kuelezwa. Kwa wa bara: vikombe viwili vya mchele uliolowekwa usiku, usagwe kwenye blenda na tui zito la nazi mpaka uwe laini kabisa, tia hamira kijiko cha chai, sukari nusu kikombe, iliki, uache uumuke, kisha umimine kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na uupalie moto juu. Hauna ngano wala maziwa, unakatika vizuri, na mshumaa unasimama juu yake bila kuyumba. Kwa besdei ya uani yenye watoto wengi, sinia mbili zinatoka kwa pesa ndogo kuliko kilo moja ya keki. Kizuizi pekee ni kwamba mtoto aliyekwisha kuona keki za wenzake atakuuliza krimu iko wapi. Huyu mkubwa aliniuliza. Mdogo hakuuliza, alikula vipande vitatu.

Mtoto wa mwaka mmoja ni habari nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu chakula cha watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi wala vinywaji vyenye sukari. Mimi mwenyewe la mkono kuzama kwenye keki nimeshakiri, ila mdogo alikuwa na kakeke kake mwenyewe: ndizi mbivu mbili zilizopondwa, yai, unga vijiko vinne, mdalasini, hakuna sukari. Cha kuchezea kiliwekwa kwake, cha kulisha watu kikakatwa pembeni. Na kama mnasherehekea kabla siku haijafika, asali isiingie popote: mtoto hapewi asali kabla ya kutimiza miezi 12, hata iliyookwa ndani ya keki.

Maputo au kanga

Maputo yanapendeza, sibishi. Lakini puto la mpira likipasuka, kipande chake ni miongoni mwa vitu vibaya kabisa kumkaba mtoto: kinanata kooni na kukohoa hakukitoi. Ukiweka maputo, yawe juu pasipofikika, kila linalopasuka liokotwe pale pale, na yasiyopulizwa yasiachwe mezani. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mimi simpi kabisa, anashika mpira wa kawaida.

Badala yake natundika kanga. Doti mbili ukutani zinabadilisha sebule nzima, na kesho unazikunja kabatini. Onyo moja: soma jina la kanga kabla ya kuitundika. Niliwahi kutundika moja kwa sababu ya rangi zake za chungwa, jirani akaingia na sahani ya kachori, akasimama, akaisoma taratibu, akaniuliza, "Hii inamhusu nani?" Tulikaa wiki mbili tunasalimiana kwa kichwa.

Kwenye sahani nako angalia kama unavyoangalia maputo. Karanga, bisi, pipi ngumu, kashata, na zabibu nzima havifai kwa walio chini ya miaka minne au mitano. Soseji ukiikata miduara inaziba koo sawasawa. Ipasue kwa urefu kwanza, kisha ikate.

Zawadi za kuondokea

Kama una mpango wa kuwafungia watoto vitu vya kwenda navyo, kumbuka mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Mimi nakunja bahasha za gazeti, ndani penseli moja na biskuti mbili. Uani usipofunga chochote hakuna atakayedai. Ila ukifunga, funga kwa ile hesabu ya mara tatu. Bahasha 10 mbele ya watoto 19 ni vita uliyoianzisha mwenyewe.

Imetugharimu kiasi gani

Ya ndani ya mwisho, na keki ya mkaa, juisi na kuku mmoja wa chakula cha jioni, haikufika 40,000. Ya uani, na masinia mawili, keki moja, kachori na juisi, ilikuwa 68,000, na 9,000 kati ya hizo ni za mkaa na nazi ambazo majirani waliishia kuzileta wao. Ya ukumbi siitaji. Baba yao naye anasoma hapa.

Mwezi ujao mdogo anatimiza mitano, kwa hiyo ni ya uani, Ijumaa. Nimemuuliza anataka nini. Hakutaja puto wala simba. Anataka kukoroga unga mwenyewe, na anataka kaka yake akae mbali na mshumaa, kwa sababu mwaka jana kaka ndiye aliyeuzima. Nimenunua pakiti nzima. Wa kwanza utapulizwa na mwenyewe, tutauwasha tena kwa kaka, kisha tena kwa yeyote kati ya wale 19 atakayepanga foleni.